Gari ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Mwanangu Rukia,

Salamu nilikupa asubuhi, mlango wa friji ukiwa wazi kati yetu, nawe ukanijibu kwa Kiingereza kwamba maziwa yamekwisha. Basi tuihesabu hiyo kuwa ndiyo salamu, tuingie kwenye maneno. Uko Ilford unawaaga rafiki zako, na ninavyokujua hutorudi ila kwa treni ya mwisho. Mimi nimejitafutia pahala pa utulivu, karatasi juu ya goti, ndiyo maana mistari inapanda kama ngazi za fleti yetu. Jua la mwezi wa sita bado limeganda juu ya mapaa ya Lewisham hapa London, halina haraka ya kuzama. Nami sina haraka.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kutovaa suruali ya kubana ukienda kuwaamkia wazee. Mama yako yuko huko Unguja. Atakwambia, kisha atakwambia tena. Wala sitakwambia unipigie simu kila wiki. Utanipigia utakapoweza, nami nitajidai nilikuwa na shughuli.

Nataka kukuandikia habari ya namba. Usicheke.

Juzi tulipokuwa tunakula ulinihadithia kazi unayoiendea Unguja: ofisi ina programu za zamani zilizoandikwa kwa lugha ya C, na wewe ndiye utakayezihamishia kwenye mashine mpya. Ukasema umeshapelekewa kipande cha kuonja, na umekuta mtu kaichukua anwani nzima ya kumbukumbu ya mashine akaishindilia ndani ya int, kama mtu anayetaka kabati liingie kwenye mkoba. Ukacheka, ukasema watu wa zamani walidhani mashine zote duniani zimezaliwa tumbo moja na ya kwao. Mimi nikainuka nikaenda kuosha kikombe kilichokuwa kisafi. Uliniona. Ukasema, "Dad, it's fine," ukahamia kwenye habari ya kilo za begi, na tangu siku hiyo tunazungumza kilo za begi.

Hilo "fine" lako ndilo lililonikalisha hapa. Miaka yote nyumbani kwetu tumekuwa tukisema kwamba siku ile kompyuta ilikosea. Wewe ulilikuta neno hilo sebuleni kama ulivyoyakuta makochi, hukuuliza nani kaliweka. Nililiweka mimi. Sitaki upande nalo ndege.

Kompyuta haikukosea.

Nivumilie nianze mbali, na unavyovijua uniache nivitaje. Wakati ule nilikuwa kontrola kwenye ofisi ya minicab nyuma ya stesheni, yaani mtu anayepokea simu za wateja na kuwatuma madereva kwa redio. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Jivan, Muhindi wa Kisumu, Mungu amlaze pema kwa namna anayoijua Yeye. Oda zake zote ziliandikwa kwenye vikaratasi vilivyotungwa kwenye msumari, na msumari ulikuwa karibu na dirisha. Upepo ukivuma, watu wanakosa gari. Mimi nilikuwa nimejinunulia kitabu cha C soko la Deptford, kilikuwa kimelala katikati ya pasi na viatu vya mguu mmoja, nikajifunza mwenyewe. Nikamwambia Mzee Jivan, nitakuandikia programu ya kupokea oda. Akanitazama juu ya miwani. "Itakunywa chai?" Nikamwambia haitakunywa. Akasema basi iajiriwe.

Sasa, katika C ukitaka kuweka namba unaiomba mashine chumba, na chumba cha kawaida kinaitwa int. Jina ni hilohilo kila mahali. Lakini lugha haikuahidi chumba kina ukubwa gani. Imeahidi tu kwamba hakitapungua kiasi fulani. Mashine moja chumba ni bwalo, mashine nyingine ni stoo ya ufagio. Kitabu kilisema hivyo waziwazi, sura ya mwanzo kabisa. Niliiruka. Nilikuwa na hamu ya kufika kwenye sura zenye mambo.

Mashine yetu ya nyumbani, ile niliyoinunua kwa Mpemba wa Ilford aliyekuwa anahama, int yake ilikuwa bwalo. Mashine ya Mzee Jivan ilikuwa kikongwe. Int yake mwisho wake ni elfu thelathini na mbili mia saba sitini na saba. Ukiongeza moja, namba inapinduka inakuwa chini ya sifuri, kama mtu aliyepanda ngazi akajikuta chini ya ardhi. Na mimi saa za oda niliziweka kwa dakika tangu mwezi uingie, ndani ya int. Nilijaribu nyumbani mwezi mzima kuanzia tarehe mosi hadi thelathini na moja, kila oda ikatokea pale pale. Nilikuwa na bidii sana, mwanangu. Niliijaribu kila siku ya mwezi kwenye mashine isiyohusika.

Nilipoipeleka ofisini nikaikusanya upya kwa kompaila ya zamani, yaani ile programu inayotafsiri C kwa lugha ya mashine, iliyofaa kikongwe chake, ikatoa mstari mmoja wa onyo, kwamba namba huenda ikapunguka. Kompaila ile ilikuwa na tabia ya kuonya ovyo, nikazizima onyo zake. Wiki tatu programu ikaenda kama maji. Mzee Jivan akaleta mithai. Madereva wakaanza kuniita profesa, nami nikaanza kugeuka nikiitwa.

Dakika za mwezi zinaijaza ile stoo ya ufagio tarehe ishirini na tatu, saa kumi na mbili na dakika saba jioni. Oda yoyote ya baada ya hapo, ukiiandika kabla, inageuka kuwa chini ya sifuri. Programu ikiona namba ya chini ya sifuri inaiona ni ya zamani mno, imeshapita, inaihamishia kwenye orodha ya safari zilizokwisha. Haipigi kelele. Inaandika tu pembeni: imeshakuja.

Tarehe ishirini na tatu mchana mjomba wako alipiga simu kutoka Wete. Bibi yako alikuwa anamwita mama yako kwa jina lake la utotoni. Mjomba akasema, njoo umuwahi. Unajua kwetu mtoto hamkimbilii mzazi aliye kitandani ili amwone tu. Anakwenda kuchukua radhi, aambiwe kwa mdomo ule uliomwimbia kwamba hakuna baya lililobaki kati yao. Na mama yako alikuwa na lake na bibi yako. Aliondoka Pemba kuja kuolewa na mimi huku, na bibi hakutaka. Sikuwa yule aliyemtaka, na nikikumbuka ninavyofanana, simlaumu.

Tiketi zilipatikana kwa njia zetu, mlango kwa mlango, yako na yake. Mimi nilikuwa nina zamu. Mama yako alitaka mwende kwa treni. Akasema, "Baba Rukia, mashine yako bado ngeni." Nikacheka. Nikamwambia atulie, nimeiandika gari kwa mkono wangu, saa kumi na mbili na nusu itakuwa mlangoni. Hilo lilikuwa onyo la pili, nalo nikalizima.

Wewe unakumbuka upande wako: korido, begi la kahawia, umekaa juu yake na koti lako la shule. Upande wangu ulikuwa hivi. Simu hazikukatika jioni ile. Watu walioagiza mapema walikuwa wanalalamika kwamba gari haikuja, na kila nikitazama skrini naona imeshakuja. Nikaamua ni wao. Mmoja nikamwambia labda alikuwa bafuni. Mama yako alikuwa akipiga laini inatumika, anaweka, anasubiri kwa adabu, anapiga tena. Saa moja na nusu akapata.

"Mbona bado?"

Nikatazama skrini.

"Gari imeshakuja," nikamwambia.

Akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Hamadi. Mimi niko mlangoni."

Nami nikambishia. Hapo ndipo nataka ufike, mwanangu, ndiyo maana nimekuzungusha njia yote hii. Nilimwambia huenda dereva alipiga honi hamkusikia. Nilimwambia hapa imeandikwa. Mwanamke amesimama kizingitini, mlango uko wazi, baridi inaingia, mtoto wake yuko juu ya begi, barabara ni tupu na anaiona kwa macho yake. Na mimi namweleza kwamba gari imeshakuja. Nilipotuma gari nyingine, muda ulikuwa umeshapita. Mlifika uwanja wa ndege dirisha la kupokelea abiria limefungwa.

Ndege iliyofuata ilikuwa baada ya siku mbili. Bibi yako alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa na kwetu maiti hailazwi. Alizikwa kabla ya sala. Mliingia Wete watu wanakunja majamvi ya hitima. Mlikaa wiki mkarudi, nawe ulikuja na shanga. Wazee walimwambia mama yako bibi alimtaja mpaka mwisho. Walidhani wanampoza.

Nami sikukaa bure, nilikuwa nimeshaikamata hitilafu. Niliiomba mashine inichapie ile namba nikaiona ina alama ya kutoa mbele yake, nikaelewa yote kwa pumzi moja, na Mungu anisamehe, ndani ya huzuni nilipata raha ndogo ya fundi. Mzee Jivan alikuja akasimama nyuma yangu nikamwonesha. Akasoma, akavua miwani. "Hamadi, wewe si mjinga. Mjinga angeuliza. Wewe ni mwerevu nusu." Hakunifukuza. Nilitamani anifukuze.

Mama yako aliporudi, usiku wa kwanza nikachukua bahasha nikamchorea. Chumba kikubwa, chumba kidogo, namba inavyopinduka. Nilieleza vizuri sana, nadhani sijapata kueleza kitu vizuri namna ile. Alisikiliza mpaka mwisho na buibui lake bado kichwani.

"Nimeelewa," akasema. "Mashine mbili, jina moja, vyumba mbalimbali. Sasa nami nikuulize. Nilipokwambia niko mlangoni, ulitaka mashine gani ikuthibitishie?"

Nikaigeuza bahasha upande wa pili. Nikaanza kueleza tena.

Ningelia, Rukia. Kazi yangu usiku ule ilikuwa kulia tu. Ningeiweka kalamu chini. Mpaka leo nikimkumbuka alivyokaa na lile buibui, naona alikuwa ameniachia nafasi, kimya kirefu kabisa, nami nikakijaza kwa michoro.

Baada ya hapo nikawa mtu mwingine, kazini. Kila programu niliyoishika niliianza kwa kuiuliza mashine: int yako kubwa kiasi gani, na long, kile chumba kikubwa zaidi, je? Kabla lugha haijatuletea majina yenye ukubwa ndani yake, nilijitungia yangu, nikayaweka juu kabisa ya programu mtu asije akayaruka kama nilivyoruka sura ya kwanza. Namba ikitoka mashine hii kwenda ile niliipeleka baiti moja moja, kama mtu anayehamisha vyombo vya udongo. Onyo za kompaila nikaziacha zipige kelele zote. Habari zikaenea kwamba yupo mtu mmoja Lewisham, ukimpa programu ya zamani anakuhamishia ikafika salama, nikapata kazi ya ofisi. Walidhani ni ujuzi. Ilikuwa hofu iliyovaa tai.

Na nyumbani sikuuliza kitu. Mimi mama yangu alikufa sijaota meno ya pili. Kufiwa kwangu lilikuwa jambo la kulia, kula wali na kurudi chuo cha Kurani. Nikaipima huzuni ya mama yako kwa chumba changu. Baada ya arobaini nikaanza kushangaa mbona bado hapiki kwa kuimba. Neno ni moja, "kufiwa," nikadhani lina ukubwa uleule kwake na kwangu. Kila sikukuu nilimwomba radhi, ile radhi ya jumla tunayopeana sote mlangoni tukiwa na kanzu mpya, kwa niliyokukosea niyajuayo na nisiyoyajua. Akanipa. Sikuwahi kumwambia lile nilijualo. Kwamba alikuwa mlangoni nami sikumsadiki.

Ulipoanza chuo kikuu alilishusha lile begi la kahawia. Hakuniacha kwa sababu ya gari, watu wazima hawaachani kwa gari. Nilimuuliza kwa nini. Akasema amechoka kuishi na mtu mwenye jibu. Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anafunga zipu, na zipu ilikuwa inakwama, nami, unavyonijua, nikaanza kumwonesha namna ya kuifunga.

Sasa na wewe unaondoka, na fleti itabaki na mimi na kikombe kisafi.

Nilitaka kukupa nasaha, naona nimekupa kovu. Labda hii moja. Huko unakokwenda utayakuta maneno yaleyale niliyokufunza, usidhani yana ukubwa uleule. Kwetu hapa "nyumbani" tulikuwa watatu, halafu wawili. Huko "nyumbani" ataingia shangazi usiyemjua, akukalie kitandani, akuulize utaolewa lini na mbona umekonda. Usimpime kwa Lewisham. Muulize, umsikilize, halafu ndiyo umchoke. Na lile "fine" lako, ambalo mimi nimejifunza kulisoma kwa miaka ishirini na ushei na bado nalikosea, huko litafika tupu. Sema kirefu kidogo. Kiswahili chako ni kizuri kuliko unavyojidai; nakusikia ukimtukana paka wa jirani.

Na mtu akikwambia yuko mlangoni, mwanangu, nenda mlangoni.

Karatasi inakwisha. Nilikwambia nimekaa pahala pa utulivu. Ni ndani ya gari. Hujapata kuniuliza kwa nini mtu anayechukia foleni kama mimi alikimbilia kuchukua leseni mwaka uleule wa msiba. Nimeiegesha mbele ya mlango wetu tangu alasiri, kibali kiko kiooni, tangi limejaa. Askari wa maegesho amepita mara mbili. Mara ya pili akagonga kioo akaniuliza namsubiri nani. Nikamwambia abiria wa uwanja wa ndege. Akauliza, wa saa ngapi? Nikamwambia, wa kesho asubuhi. Akanitazama, akaitazama karatasi juu ya goti langu, akaenda zake bila kuandika kitu. Nadhani naye ana binti.

Safari hii sikuiandika oda popote. Haimo kwenye skrini yoyote. Ipo tu.

Radhi yangu unayo. Nakupa leo mapema, ukiwa bado Ilford unacheka na wenzako, yote, ya ulilonikosea na ya ambalo hutaacha kunikosea, isije siku moja ikabidi uikimbilie. Huna haja ya kuniwahi. Nimeshakupa.

Mama yako atakupokea Unguja, atakutua begi mkononi, atakuuliza habari za njiani. Usimwambie zilikuwa fine. Usimweleze kuhusu barua hii wala int wala mimi nilivyokonda. Mwambie kwa Kiswahili, polepole, kwamba asubuhi ulifungua mlango na gari ilikuwa pale.

Mwambie ilikuja.

Baba yako,
Hamadi